Mazoezi ya Mwili na Yawe Starehe

Zamani, msafiri aliyeingia kisiwani Mombasa kwa njia ya Makupa aliijua Kibarani kwa pua kabla ya kuiona kwa macho. Kwa miaka mingi taka za mji zilimwagwa hapo kando ya bahari, na moshi wa jaa ukawafuata wapitao njia. Katika miaka ya 2018 na 2019 jaa hilo lilifungwa, taka zikapelekwa Mwakirunge, na ardhi ikafunikwa udongo, ikapandwa nyasi na miti ili watu wapate mahali pa kupunga upepo. Kisha mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya la Makupa badala ya tuta la zamani.

Habari hiyo ina mafundisho juu ya afya ya mwili. Hakuna mtu awezaye kutembea kwa raha huku ameziba pua. Wengi wetu hulaumiwa kuwa ni wavivu, kumbe hatukupata mahali pazuri wala mchezo wa kututoa nyumbani.

Mkulima ashikaye jembe tangu alfajiri hana haja ya kufundishwa kutoa jasho, maana shamba lake ndilo kiwanja chake. Lakini karani hukaa kitini kutwa, huenda kazini kwa matatu na kurudi kwa matatu, na jioni hukaa tena. Mwili wa namna hiyo hupatwa kwa urahisi na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma, na watoto dakika 60 kila siku. Ukizigawanya dakika 150 kwa siku tano, utaona kwamba ni nusu saa tu kwa siku.

Basi kwa nini jambo dogo hivi linatushinda? Kuanza si taabu. Taabu ni kudumu. Mtu hununua viatu vipya, hukimbia siku tatu, siku ya nne huumwa miguu, na ya tano huviweka viatu chini ya kitanda. Alichagua kazi asiyoipenda, na mwili haudumu katika adhabu. Yafaa kila mtu ajiulize: utotoni nilicheza mchezo gani hata nikasahau chakula? Jibu la swali hilo lampa pa kuanzia.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili bila kuambiwa na daktari. Tangu mwisho wa karne ya 19 vijana walishindana katika beni, wakipiga gwaride na tarumbeta. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, na wanaume walicheza kirumbizi kwa fimbo. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi, lakini jasho liliwatoka na usingizi ukawa mtamu. Hata leo, mama asiyependa kukimbia barabarani mbele za watu aweza kucheza chakacha uani pamoja na jirani zake. Wasichana nao waachiwe nafasi ya kucheza rede na kuruka kamba, wasiitwe jikoni kila mara kaka zao waendapo mpirani.

Kwa asiyependa ngoma wala mpira, kutembea kwatosha. Njia ya Mama Ngina, iliyotengenezwa upya mwaka 2019, ina mibuyu ya kale na upepo wa bahari. Nenda na rafiki, mwende upesi kidogo, lakini muweze bado kuzungumza. Siku utakayokuwa na uvivu, yeye atakuvuta. Siku yake, utamvuta wewe. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure.

Lakini tuchague saa kwa akili. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa. Joto na unyevu vikawashinda wanariadha wengi, hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa mkubwa wa mbio hizo, akaacha njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Ikiwa jua la pwani laweza kumtoa mbioni mtu kama huyo, karani atokaye kitini asijaribu kukimbia saa saba mchana. Asubuhi mapema au baada ya alasiri ndizo saa zifaazo, na maji ya kunywa yawe karibu. Naye mwenye maradhi ya moyo au kisukari amwone daktari kwanza.

Apendaye kuogelea asiende peke yake, aulize habari za maji kujaa na kupwa, na aepuke mahali palipo na mfereji wa maji machafu.

Na kila mtaa uwe na kiwanja chake, nacho kilindwe kisigeuzwe jaa. Kurudisha ardhi iliyoharibiwa ni kazi ya miaka, lakini kuizuia isiharibiwe huanza na mtu mmoja akataaye kutupa taka zake hapo.