Kumuse: Wosia wa Wabukusu baada ya maziko

MZEE wa Kibukusu mwenye wajukuu anapofariki, maziko hayawi tamati ya matanga. Huko Bokoli na kwingineko Bungoma, desturi ni kuandaa kumuse, kikao cha kuwafariji wafiwa na kuwausia walio hai.

Msemaji huitwa omuseni, mzee mwenye ufasaha na heshima. Akishika fimbo, hutembea huku na huko mbele ya umati ulioketi kimya. Husimulia chimbuko la koo, uhamaji wao na vita vya Lumboka na Chetambe dhidi ya Waingereza mwaka 1895. Kisha hugeukia maadili: vijana wawaheshimu wakubwa, ndugu wapatane, na wote wakubali kuwa kifo hakina mwenyewe.

Wosia huo hutolewa kwa wakati wake. Aila imekusanyika, na ugavi wa urithi waweza kuzua uhasama.

Hotuba za Manguliechi, omuseni aliyevuma sana, zilinaswa kwenye kanda na kuchunguzwa na wasomi. Hata hivyo, kanda huhifadhi maneno tu. Haiwezi kuwatazama ndugu wanaozozana na kuwapatanisha. Kazi hiyo yahitaji mrithi aliye hai.