Je, Mbuyu ni Jinsi Moja au Mbili?

Hakuna msomaji wa Ugogo asiyeujua mbuyu. Msafiri atokaye Dodoma kwenda Mpwapwa huiona mibuyu imesimama uchi kiangazi chote, kila mmoja na umbo lake: huu mnene kama ghala, ule mrefu, matunda ya huu marefu, ya mwenziwe mviringo. Je, hii yote ni miti ya jinsi moja? Swali hilo si la kitoto, maana wataalamu wa mimea wamelishindania, na nchi yetu imo katika shauri lao.

Mwaka 2012 Profesa Pettigrew wa Australia na wenzake walitangaza kwamba Afrika ina mibuyu ya jinsi mbili. Ya kwanza ni Adansonia digitata, iliyopewa jina hilo na Linnaeus mwaka 1759. Ya pili wakaiita Adansonia kilima, kwa neno letu wenyewe la Kiswahili, kwa sababu walisema huota katika nchi za juu, kati ya mita 650 na 1,500 toka usawa wa bahari. Dodoma ipo mita 1,100 na zaidi, basi mibuyu yetu ilikuwa katikati ya mipaka hiyo. Walisema tena kwamba maua yake ni madogo, na kromosomu zake ni nusu ya zile za mbuyu wa kawaida. Kromosomu ni nyuzi ndogo mno zilizomo ndani ya chembe za mti, nazo ndizo zichukuazo urithi wa mzazi kumpa mtoto.

Kwa nini hesabu ya nyuzi iwe jambo kubwa? Tazameni punda na farasi. Farasi ana nyuzi 64, punda 62. Mtoto wao, yaani nyumbu wa mizigo, si yule wa porini, ana nguvu nyingi lakini kwa kawaida hazai. Ndiyo maana wazazi wake huhesabiwa kuwa jinsi mbili. Wataalamu wengi hufuata kipimo hicho: jinsi moja ni viumbe wawezao kuzaana, na watoto wao nao wakazaa. Umbo peke yake halitoshi, kwani hata ndugu wa tumbo moja hupitana kwa kimo.

Walakini mwaka 2016 Glynis Cron wa Afrika Kusini na wenzake waliipima tena habari hiyo. Waliona kwamba ukubwa wa maua hubadilika kidogo kidogo toka mti hata mti pasipo mpaka, na nyuzi walizozihesabu zilikuwa idadi ile ile ya mbuyu wa siku zote. Wakaamua jina la kilima liondolewe. Nakiri nilisikitika kulipoteza jina zuri hivyo.

Basi tofauti kama hizo hutoka wapi? Mbuyu huishi mamia ya miaka, wala hatuwezi kuungoja uzae vizazi vingi. Shamba la mtama hutuonyesha upesi zaidi. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600. Mtama uchelewao kuchanua hukutwa na jua kali, nao hauachi mbegu. Uwahio hukomaa, na mwenye shamba huchagua masuke yake mazuri kuwa mbegu ya mwakani. Hakuna shina hata moja lililojifunza kuwahi. Yaliyochelewa hayakuzaa tu. Hivyo baada ya vizazi vingi mbegu huwa ya mahali pale. Kwa hiyo mbegu ya nchi ya mvua nyingi, hata ikiwa nzuri kwao, yaweza kumwangusha mkulima wa hapa. Na mtu aliyelazimika kula mbegu zake za asili katika njaa kama ile ya Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920, alipoteza kitu kisichonunuliwa dukani.

Wingi wa mitama uliwatatiza hata mabingwa. Mwaka 1936 J. D. Snowden, aliyepata kufanya kazi ya kilimo Uganda, aliigawa mitama ya shambani kuwa jinsi karibu 30. Mwaka 1972 Harlan na de Wet waliikusanya yote katika jinsi moja yenye koo tano, kwa kuwa huzaana bila shida. Hata mtama mwitu huzaana nayo. Mtoto wao hufanana na mtama wa kulimwa, lakini punje zake hupukutika kabla ya kuvunwa. Akiachwa mpaka achanue, upepo huchukua unga wa maua yake hata kwenye masuke ya mbegu. Afadhali kumng'oa mapema.