Lisemwalo Lipo? Muulize Bwana Msa

Mtoto wa kidato cha kwanza anarudi nyumbani na habari za mtaani: simu ya jirani imeibwa, na kila mtu anajua kwamba aliyeiba ni yule kijana aliyeachishwa kazi juzi. Nani alimwona akiiba? Hakuna. Lakini watu wanasema, na wahenga walishanena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Kwa mzazi wa Bariadi, Maswa au Meatu, maneno kama hayo si ya kuachwa yapite. Ukanda huu wa pamba, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza na kuwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, unajua gharama ya kumtaja mkosaji kabla ya kumpata. Kwa miaka mingi, Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na dalili iliyotajwa mara nyingi ilikuwa macho mekundu. Aliyetaka kuchunguza angeona jibu jikoni: bibi amepikia kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe maisha yake yote, na moshi umemla macho.

Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Marufuku hiyo inaweza kumzuia mganga, lakini haimfundishi mtoto kuuliza, "Umejuaje?" Somo hilo huanzia nyumbani, na mwalimu wake mzuri anaweza kuwa riwaya ya upelelezi.

Anza na Bwana Msa

Kwa anayeanza kusoma riwaya hizi, hakuna mlango mzuri kuliko Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Hadithi hiyo ilishinda shindano la uandishi wa Kiswahili la mwaka 1957/58, ikamleta Bwana Msa, mpelelezi asiye polisi, mvuta kiko, mwenye mazoea ya kutazama kile ambacho wengine wanakipita. Tajiri mmoja mwenye shamba anauawa, na mwili wake unakutwa penye mzimu. Wenyeji wana jibu lao tayari. Bwana Msa hana haraka. Anauliza maswali madogo madogo, anapima majibu, na msomaji anatembea naye.

Kisima cha Giningi (1968) kinakwenda mbali zaidi, kwa kuwa Giningi katika masimulizi ya Zanzibar ni makao ya wachawi. Mtoto aliyekulia kwenye hadithi za uchawi za Usukumani ataielewa hofu hiyo mara moja, kisha ataona namna mtu mwenye akili tulivu anavyoikabili. Lugha ya Abdulla ni ya Kiunguja na ina maneno ambayo mtoto wa Bariadi hajayazoea. Kamusi iwe karibu.

Kwa kidato cha tatu na cha nne

Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla inahamia Dar es Salaam, na hapa mchunguzi ni askari wa kweli, Inspekta Wingo. Ni riwaya fupi, ya kasi, inayofaa kwa kijana anayesema vitabu vinamchosha.

Baada ya hapo kuna Kufa na Kupona (1974) cha Elvis Musiba, ambamo jasusi Willy Gamba anasaka siri zilizoibwa za wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika. Humo kijana anapata upelelezi na historia kwa pamoja.

Kwa wakubwa

Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alimwachia msomaji Joram Kiango, shujaa wa Salamu Kutoka Kuzimu na Tutarudi na Roho Zetu. Humo mna damu na mapenzi ya watu wazima. Mzazi asome kwanza, ndipo aamue kama kijana wake amefikia umri. Hata Willy Gamba ana baa na warembo wake, hivyo tahadhari hiyo inamhusu pia.

Anayetaka kitabu cha karibuni zaidi amtafute Enock Maregesi. Riwaya yake Kolonia Santita, inayohusu vita dhidi ya magenge ya dawa za kulevya, ilikuwa miongoni mwa washindi wa mwaka wa kwanza wa Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, 2015. Hussein Tuwa naye ana Mkimbizi, riwaya ya kusisimua ambayo mzazi anaweza kusoma usiku mtoto akiwa amelala.

Namna ya kusoma pamoja

Ukimpa mtoto kitabu ukaishia hapo, utakuwa umefanya nusu ya kazi. Someni sura moja moja baada ya chakula cha jioni, yeye asome kwa sauti. Sura ikiisha, funga kitabu uulize maswali matatu: Unamshuku nani? Umeona nini kinachokufanya umshuku? Je, kuna maelezo mengine ya jambo hilohilo?

Majibu yaandikwe kwenye daftari. Kitabu kikiisha, rudini kwenye daftari mwone ni mara ngapi mlimhukumu asiye na hatia kwa sababu tu alikuwa mkali, mgeni, au mtu wa kukaa peke yake. Mzazi naye ataje makosa yake bila haya. Mtoto akiona hata baba alikosea, atajifunza kwamba kubadili mawazo baada ya kuona ushahidi si aibu.

Kuvipata si kazi ngumu sana. Duka la vitabu la Mwanza au Dar es Salaam linaweza kukutumia kwa basi hadi stendi ya Bariadi. Piga simu kwanza kuuliza kama kipo na bei yake, kwani vya zamani huadimika. Wazazi wawili au watatu wakichangia, kila mmoja akanunua kimoja, vitazunguka nyumba zote kabla msimu wa pamba haujaisha. Epuka nakala za wizi zinazosambazwa kwenye simu. Itakuwa ajabu kumfundisha mtoto kuwasaka wezi kwa kitabu cha wizi.

Na siku atakaporudi tena na habari kwamba kila mtu anajua, huenda akawa ameshamuuliza msimuliaji mwenyewe, "Nani alimwona?"