Sekunde 20 za Kuuliza, Nusu Saa ya Kusikiliza

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu watimize miaka 15. Asilimia 16 walipatwa na hayo katika miezi 12 iliyotangulia utafiti. Je, inagharimu nini kumuuliza kila mwanamke anayeingia kitengo cha dharura kama kuna anayempiga?

Kuuliza kwenyewe ni rahisi. Mwaka 1997, watafiti wa Denver, Marekani, walipima maswali matatu: umepigwa au kuumizwa na mtu katika mwaka mmoja uliopita, na ni nani? Unajiona salama na mwenzi uliye naye? Kuna mwenzi wa zamani anayekutia hofu sasa? Yalichukua wastani wa sekunde 20. Yakilinganishwa na vipimo virefu zaidi, yalinasa kati ya wanawake 65 na 71 katika kila 100 waliokuwa wakidhulumiwa.

Sasa tupige hesabu ya kitengo cha mfano kinachopokea wanawake 30 kwa siku. Maswali yatakula dakika 10. Tukitumia ile asilimia 16, wanawake kama watano watajibu ndiyo, wote wakisema kweli. Kila mmoja anahitaji angalau nusu saa ya faragha: kusikilizwa, kupimwa hatari ya kurudi nyumbani, majeraha kuandikwa vizuri kwa ajili ya fomu ya polisi ya P3, na kuunganishwa na mshauri. Hizo ni saa mbili na nusu kwa siku, zaidi ya saa 900 kwa mwaka, takriban nusu ya kazi ya muuguzi mmoja mwaka mzima. Aliyebakwa ana haraka zaidi: dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72.

Gharama, basi, iko kwenye jibu. Penye kuulizwa bila kufuatiliwa, faida haionekani. Huko Ontario, Kanada, utafiti wa wanawake 6,743 uliochapishwa mwaka 2009 haukupata ushahidi wa kutosha kwamba kuwauliza wote kunapunguza dhuluma. Mapitio ya mwaka 2015 ya majaribio 13, yenye wanawake 14,959, yalikuta vivyo hivyo: wanaotambuliwa huongezeka, lakini kupungua kwa kipigo hakukuthibitika.

Ndiyo maana mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani halikupendekeza kumuuliza kila mgonjwa. Lilishauri aulizwe yule ambaye dalili zake zinatia shaka, tena pawepo faragha, mwongozo, wahudumu waliofunzwa na mahali pa kumpeleka. Hayo ni masharti ya usalama. Mwanamke ana michubuko ya rangi tofauti, mingine mibichi, mingine inaanza kupona, na mumewe kasimama kando akimjibia: “Ameanguka bafuni.” Akiulizwa hapo, mbele ya foleni, atakanusha, au atasema kweli, kisha arudi nyumbani na aliyemsikia.

Kutofanya lolote nako kuna bei. Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa ilikadiria mwaka 2016 kuwa dhuluma za kijinsia ziliigharimu Kenya Sh46 bilioni, kama asilimia 1.1 ya pato la taifa. Matibabu pekee yalimgharimu manusura na familia yake wastani wa Sh16,464. Wanawake 100 wakiumizwa upya, familia zao zimetoa zaidi ya Sh1.6 milioni.

Kaunti zinapopanga bajeti ya afya, zianze na chumba chenye mlango unaofungika, wauguzi waliofunzwa katika kila zamu, na mshauri anayepatikana hata usiku wa manane. Hayo yakiwepo, muuguzi aulize kila anapoingiwa na shaka. Nawe msomaji, ukipigwa au ukimjua anayepigwa, nambari 1195 hupigwa bila malipo, mchana na usiku.