Kabla ya Kununua Tabakelo ya Kale

Tabakelo, yaani chombo kidogo cha kuwekea ugoro, kilichochongwa kwa pembe au mti, hutafutwa sana na wakusanyaji wa sanaa za jadi. Tunakushauri ukague mdomo na kizibo: chombo kilichotumika huchakaa palipozoea kushikwa, ilhali kilichopakwa rangi ya viatu ili kionekane cha kale huacha weusi kikisuguliwa kwa kitambaa cheupe. Dai stakabadhi inayotaja umri na malighafi. Epuka pembe za ndovu, ambazo biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989. Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu vitu vya kale kutolewa Tanzania bila kibali. Asiye nacho anaweza kupoteza fedha na chombo pia.