Traka ya bei nafuu inakula kredo pia: unachofaa kujua kabla ya kuificha garini

Mjomba wangu aliibiwa Probox yake Jumapili moja asubuhi, nje ya kanisa, sisi wote tukiwa ndani tunaimba. Alipotoka na kupata nafasi tupu, hakupiga hata kelele. "Hiyo haiendi mbali," akatuambia, "niliiwekea traka." Kweli alikuwa ameiweka, kwa mkono wake mwenyewe, miezi minane nyuma. Akapigia nambari ya traka. Ikalia, ikakata, vile ilivyozoea. Kwa kawaida hapo SMS huingia na ramani ya mahali gari lilipo. Tukangoja. Hakuna kitu.

"Mjomba, mara ya mwisho uliweka kredo lini?"

"Kredo ya nini? Kwani gari inapigia nani simu?"

Nikatoa simu yangu na kuitumia ile laini kredo ya shilingi 50. Tukapiga tena. Sasa hata kulia haikulia. Katika zile dakika tulizosimama tukingoja, mtu alikuwa ameshaifikia traka na kukata waya.

Ndiyo maana leo naandika kuhusu traka, ingawa sisi ni watu wa malipo. Mwaka huu nimeulizwa na marafiki kama watano hivi namna ya kujiwekea traka bila kulipa kampuni, na karibu wote wanauliza kuhusu kifaa. Hakuna anayeuliza kuhusu laini.

Iko hivi. Watu wengi hudhani setelaiti ndiyo inaliona gari. Hapana. Setelaiti za GPS hutuma tu mawimbi, na traka huyapokea ikapiga hesabu ya mahali ilipo. Ikishajua, lazima ikuambie, na njia yake ya kukuambia ni laini ya simu kama yako tu, kwa SMS au kwa data. Laini ikiwa haina kredo, traka inajua vizuri kabisa gari liko wapi. Haiwezi tu kusema.

Sasa tuangalie vifaa vyenyewe. Kile ninachokipendekeza kwanza ni traka ndogo ya GPS yenye nafasi ya laini, zile za kutoka China ambazo utazipata ukizunguka Luthuli Avenue. Yangu nilinunua kwa shilingi 3,500. Ina waya mbili za muhimu: moja ya chanya inaenda kwa betri ya gari, nyingine ya hasi inafungwa kwenye bodi. Hapo katikati, karibu na betri, weka fyuzi ndogo. Usiruke hii hatua, kwa sababu waya ikichunika na kugusa chuma bila fyuzi, unaweza kuchoma gari ulilokuwa unalilinda. Kama hujawahi kushika waya za gari, lipa fundi wa umeme unayemwamini, lakini simama hapo mpaka amalize.

Nunua laini mpya na uisajili kwa jina lako, si la fundi. Ondoa PIN ya laini kabla ya kuiingiza, la sivyo traka haitaweza kuingia kwenye mtandao. Halafu badilisha neno la siri lililotoka nalo kiwandani, ambalo mara nyingi ni 123456 au 0000. Ukiliacha hivyo, yeyote mwenye hiyo nambari anaweza kuuliza gari lako liko wapi, na mwizi naye anaweza kusoma karatasi ya maelekezo kama wewe. Nambari ya traka usimpe mtu ovyo.

Kuhusu gharama, hapa ndipo watu hushangaa. Traka ya SMS hutumia pesa unapoiuliza tu. Ya data hutumia MB chache sana kwa mwezi, kwa hivyo bando kubwa ni kupoteza pesa. Tatizo ni bando linaloisha muda likiwa halijatumika. Tafuta lisilo na tarehe ya mwisho, au jiwekee ukumbusho kwa simu, siku ile ile unayolipa kodi ya nyumba, uitumie laini ya gari kitu kidogo. Laini iliyokaa kimya muda mrefu bila kuwekwa kredo hufungwa na nambari kupewa mtu mwingine. Fikiria unapiga gari lako halafu mama fulani wa Kitale anajibu, "Halo, nani mwenzangu?"

Kuna traka zinazokuja na rilei ya kukata pampu ya mafuta kwa SMS. Ni nzuri gari likiwa limesimama. Likiwa mwendoni, injini ikizimika ghafla usukani unakuwa mzito, na baada ya kukanyaga breki mara chache nayo inakuwa ngumu. Anayegongwa hapo anaweza kuwa mtu asiyejua lolote kuhusu wizi wako. Ngoja ramani ionyeshe gari limetulia.

Kama hata hiyo 3,500 haipo, tumia simu yako ya zamani ya Android. Iwekee laini yenye data, washa mahali, zima sauti, halafu kwenye Google Maps ishirikishe na simu unayobeba mpaka utakapoizima mwenyewe. Bure kabisa. Udhaifu wake ni chaji, maana bila waya ya chaja itakaa siku chache tu. Na usiiache juu ya dashibodi. Jua la mchana litaifura betri, na hiyo ni hatari ya moto.

AirTag za Apple, zilizotoka mwaka 2021, watu wanazipenda kwa sababu hazina laini na betri yake ndogo hukaa karibu mwaka. Lakini zinategemea simu za Apple zinazopita karibu. Katikati ya Nairobi sawa. Ukitoka nje ya mji unaweza kukaa saa nyingi bila habari. Tena zimetengenezwa ili zimwonye mtu anayefuatwa bila kujua, kwa hivyo simu ya mwizi yenyewe inaweza kumwambia. Kwangu hiyo ni ya kusaidia traka nyingine. Peke yake, hapana.

Kuficha ni nusu ya kazi. GPS inahitaji kuona anga, kwa hivyo chini ya chuma haifai. Plastiki na kitambaa havina shida. Mjomba aliweka yake chini ya usukani, mahali ambapo kila fundi huweka na kila mwizi huanza kutafuta. Jaribu nyuma, ndani ya plastiki karibu na kioo, hata kama waya itakuwa ndefu. Ukimaliza, endesha gari kwa saa moja na uiulize mara tatu nne iko wapi. Na kama una dereva, mwambie gari lina traka.

Siku gari likipotea, piga 999 au 112, nenda kituoni uandikishe na uchukue nambari ya OB. Uwe na picha ya logbook na nambari ya chasi kwenye simu, si ndani ya gari. Wape polisi ramani. Usilifuate mwenyewe na mashemeji wawili na rungu.

Halafu kuna wizi wa pili, ambao sisi huuona kutoka upande wetu. Ukishaweka picha ya gari na nambari yako mtandaoni, utapigiwa. "Boss, nimeliona gari lako Namanga, tuma elfu sita nilizuie." Mjomba alituma. Jioni akapigiwa na mwingine, wa Busia, gari lile lile. Mtu aliyeliona kweli anaweza kutuma picha ya leo au kwenda kituo cha polisi kilicho karibu naye, na hakuna haja ya wewe kutuma pesa kwanza. Kwenye tangazo weka nambari ya OB na ya kituo badala ya yako. Na kama tayari umetuma, usingoje kesho ukiona aibu: tupigie dakika hiyo hiyo ukiwa na nambari ya muamala, kwa sababu pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyepokea tunaweza kujaribu kuzizuia. Zikishatolewa kwa wakala, inabaki kazi ya polisi.