Sabuni ya karafuu na neno "huondoa"

Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia simu kutoka Kinole. Kama hujafika, Kinole iko huko juu kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, na ni nchi ya viungo: karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga. Baada ya shikamoo na habari za mvua akaingia kwenye hoja. Ameanza kupika sabuni za vipande zenye mafuta ya karafuu, amepata mtu wa kumchapia lebo mjini, sasa anataka maneno. "Si wewe ndiye unasoma mambo ya kemia? Andika: Huondoa chunusi na madoa kwa siku 7. Imethibitishwa kitaalamu."

Nikamwomba siku mbili. Ngoja nikueleze kwa nini, maana huenda lebo kama hiyo unayo bafuni kwako sasa hivi.

Ushahidi unaohitajika unategemea neno uliloandika. "Hunukia karafuu": pua yako inatosha. "Husafisha ngozi": ni sabuni, ndiyo kazi yake. Lakini "huondoa chunusi" ni habari nyingine kabisa. Chunusi ni ugonjwa wa ngozi, na kitu kinachodai kutibu ugonjwa kinahamia upande wa dawa. Kwetu hilo si suala la maneno tu: tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, dawa zinasimamiwa na TMDA. Yaani kitenzi kimoja kinaweza kukuhamisha ofisi.

Utasema, mbona karafuu inaua bakteria? Kweli inaua. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eugenoli, ile ile unayoinusa kwa daktari wa meno. Idondoshee kwenye kisahani cha maabara chenye bakteria, wengi watakufa. Sasa linganisha na uso wako. Kwenye kisahani eugenoli inakaa na bakteria saa nyingi, hata siku nzima. Sabuni inakaa usoni nusu dakika, halafu maji. Bakteria wa chunusi wenyewe wamejificha ndani ya vinyweleo vilivyoziba mafuta. Tena wakati wa kupika sabuni, eugenoli ikikutana na kostiki sehemu yake hugeuka chumvi, kwa hiyo kilichopimwa kwenye kisahani sicho hasa kilichomo kwenye kipande. Ushahidi wa kisahani si uongo, ila ni ushahidi wa kitu kingine.

Mama mdogo ana ushahidi wake pia: majirani wametumia na wamefurahi. Hapa tunanaswa wengi, hata tuliosoma. Chunusi hupanda na kushuka zenyewe. Mtu hununua sabuni siku uso umechachamaa. Wiki mbili baadaye huenda ungetulia hata kwa maji matupu, lakini sifa inaenda kwa sabuni.

Ili ujue, unahitaji sabuni mbili za mapishi yale yale, moja ina karafuu, nyingine haina. Watu wagawanywe kwa kura, watumie wiki 8 hadi 12, wapigwe picha mwanzo na mwisho. Ingekuwa krimu, ungeweza kumpaka mtu upande mmoja wa uso na kuacha mwingine. Povu la sabuni halijui mpaka. Na kwa kuwa karafuu inajitangaza kwa harufu, mtumiaji atahisi amepewa ipi. Basi angalau anayehesabu chunusi kwenye picha asijue.

Vipi kuhusu "imethibitishwa kitaalamu"? Hebu uliza: imethibitishwa nini? Hata ile "imepimwa na wataalamu wa ngozi" mara nyingi maana yake ni kwamba watu walipakwa wakaangaliwa kama watawashwa. Haisemi chunusi zilipungua. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 655 ya 2013 inayotaka dai la kipodozi liwe la kweli na liwe na ushahidi unaolingana nalo. Huko huko, eugenoli ikizidi 0.01% kwenye bidhaa ya kusuuza lazima itajwe kwenye lebo, kwa sababu baadhi ya watu inawaletea mzio. Kuwa ya asili hakuiokoi.

"Madoa kwa siku 7" nililifuta bila mjadala. Ahadi za kung'aa haraka namna hiyo ndizo huko sokoni zinazobebwa na zebaki na haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Sitaki jina lake likae karibu na hizo.

Nikampigia, nikamsomea: "Sabuni ya kuogea yenye mafuta ya karafuu kutoka Kinole. Husafisha na kunukia vizuri. Ikikuwasha, acha kutumia." Hakufurahi. Alisema kuna mwenzake sokoni anauza sabuni iliyoandikwa siku 7, na inaisha mapema kuliko yake. Hapo sikuwa na jibu zuri, kwa sababu ni kweli inaisha.

Nikamweleza lile jaribio la sabuni mbili, kwamba tukilifanya na likitoka vizuri tutakuwa na cha kupeleka kwa wahusika. Akanyamaza kidogo.

"Sasa mwanangu, hao wa sabuni isiyo na karafuu, nao watanilipa?"